Funguo za kanisa hazikai kwa padri peke yake

Eti kwenye hizi stori za mauaji za vijijini Uingereza padri lazima awe mshukiwa wa kwanza sababu ndo mwenye funguo za kanisa, mwandishi anayeandika hivyo kakosea. Nimeishi Norfolk, mashariki mwa Uingereza, huko padri mmoja wa Anglikana anazungukia parokia kibao, wiki nyingine humuoni kabisa. Wanaolishika kanisa ni wazee wawili wa kanisa (churchwardens) wanaochaguliwa kila mwaka, tena wanakijiji wasiosali nao wanaruhusiwa kupiga kura, na kisheria vikombe vya fedha na vyombo vyote viko mikononi mwao sio mwa padri. Bado wapanga maua na wapiga kengele, nao wanaingia kanisani (wengine hata ibadani hawabaki). Sasa nyie mngeanza kumhoji nani?