Tope la Ruvu linatuambia nini, na linatuficha nini?

Masika yakikolea, Mto Ruvu hugeuka rangi ya udongo wa Uluguru, na Dar es Salaam, inayoutegemea mto huo kwa sehemu kubwa ya maji yake, huanza kuulizana kama maji ya bomba ni salama. Wanaoshikilia kwamba kipimo cha tope kinatosha kujibu wana hoja nzito. Jibu lake hupatikana papo hapo, ilhali bakteria wa kinyesi huoteshwa maabara karibu siku nzima. Tena mvua inayoteremsha udongo wa mashambani ndiyo hiyo hiyo inayokomba samadi na uchafu wa vyoo, na fosforasi husafiri imeng'ang'ania chembe za mfinyanzi. Tope likipanda, aghalabu vyote hivyo hupanda. Isitoshe, chembe huwakinga vijidudu wasifikiwe na klorini; ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka maji yawe chini ya NTU 1 (NTU ni kizio cha kupimia tope la maji) kabla ya kutiwa dawa, inapowezekana.

Lakini tia mchanga kwenye ndoo moja ya maji, na mfinyanzi wa uzito ule ule kwenye nyingine, kisha koroga. Mchanga utatua muda si mrefu. Mfinyanzi utakuwa ungali unaelea kesho yake. Kifaa cha kupima tope husoma jinsi mwanga unavyotawanywa na chembe, hivyo mfinyanzi hutoa namba kubwa zaidi kwa uzito uleule. Kwa hiyo hesabu ya kugeuza NTU kuwa miligramu za udongo iliyofanywa Ruvu haifai kuhamishiwa Rufiji bila kupimwa upya. Chumvi nazo kwa kawaida huenda kinyume: mafuriko huzizimua, zikashuka wakati tope linapaa.

Mimi huogopa zaidi maji maangavu. Ngerengere hupita Morogoro mjini kabla ya kuingia Ruvu. Kiangazi mto ukipungua, majitaka hukosa maji ya kuyazimua, hata tope likiwa limetulia. Kule Arumeru, floraidi itokayo kwenye miamba ya volkano ya Meru huharibu meno ya watoto kupitia maji yasiyo na kasoro machoni. Kuyachemsha hakusaidii.

Tope lipimwe saa zote, na likipanda ghafla sampuli ya bakteria ichukuliwe hapo hapo. Likiwa chini, ratiba ya kupima floraidi, nitrati na oksijeni isirukwe hata mara moja.