Wigi, feni belti na miwani mpya ya baba mkwe

Wifi yangu ameshawasimulia eti gari limenichuna kichwa, najua, maana tangu jana napokea voisi noti za watu wanacheka hadi wanakohoa. Naomba niweke sawa: gari HALIJANICHUNA KICHWA. Sijashonwa nyuzi. Kilichokufa ni wigi, na limefia Uyole, hapa Mbeya, mchana kweupe mbele ya bodaboda, wauza viazi na mzee wangu baba mkwe.

Kale ka Corolla 110 kangu mnakajua. Kalikuwa kameanza mlio, ukiwasha tu krrrr krrrr krrrr huko mbele, ukikanyaga mafuta unapotea, ukisimama kwenye foleni unarudi. Fundi wa kwanza, simtaji, hata boneti hakufungua, alisikiliza kwa nje akasema beringi za injini zimekwisha, dada tafuta injini nyingine, andaa milioni na ushee. Nikaenda kulia ndani. Nilipomaliza nikaingia YouTube, nikatoka huko injinia kamili, nikawa naongelea puli za kuzungushia belti na altaneta ya kuchaji betri hadi kwenye vikao vya harusi za watu.

Sasa baba mkwe kaja mjini kuchukua miwani yake, mume wangu kasafiri, ikabidi mimi na wifi tumrudishe Tukuyu. Kwa nyie msio wa Rungwe: kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe ni heshima nzito, zamani mwanamke akimwona kwa mbali njiani anachepuka anajificha porini. Siku hizi tunapanda gari moja, ila yeye anakaa nyuma yangu na kuongea na mimi kupitia wifi. "Mwambie apunguze mwendo." Na mimi niko hapo hapo, naweza kumsikia hadi anavyopumua.

Na miwani ilikuwa imemkolea! Toka Mafiati anatusomea vibao vyote, "jumla na rejareja", "usikojoe hapa faini elfu hamsini", kwa sauti, kwa furaha. Tukafika Uyole, malori yamejazana pale njia ya Kyela, foleni haisogei, mlio ukarudi na nguvu zake zote. Mzee akaacha kusoma. "Muulize, hicho kinacholia ni nini?"

Nikachepusha kwa fundi mmoja kijana hapo pembeni. Akafungua boneti, injini inaunguruma, akachukua bisibisi ndefu, ncha kaigusisha kwenye altaneta, mpini kauweka sikioni. Ndivyo wanavyopima, kitu kibovu kinakupigia kelele hadi ndani ya fuvu. Akasema altaneta nzima. Injinia wa YouTube nikasema lete na mimi nisikilize. Akanipa, akasema, "Dada, kaa mbali kidogo na belti."

Hiyo sentensi naisikia mpaka usiku.

Nikainama. Bisibisi sikioni, nasikia kweli altaneta inazunguka laini kabisa, nikaanza hadi kutabasamu. Nikahamia wota pampu, ile inayozungusha maji ya kupoza injini, na ili ncha ifike ikabidi nishushe kichwa. Wigi lenyewe ni lile la mawimbi, refu hadi kifuani, mlililaiki wote. Kinywele kikateleza begani. Nikakiona. Nikajisemea nikimaliza nitakirudisha. Belti ikakigusa kidogo tu, ikakipenda, ikawaita na wenzake. Wala sikuvutwa kwa nguvu, nilisikia tu kichwa kinapoa, kwanza paji la uso, halafu utosi, halafu upepo wote wa Uyole ukaingia. Wigi likapita mbele ya macho yangu mwenyewe likielekea kwenye puli, likajisokota, belti ikalia kiiiiii, moshi, harufu ya plastiki, fundi akakimbilia kuzima.

Kimya. (Nyie mnaobandika kwa gundi, ningekuwa nimebandika na mimi, wifi angekuwa anasema ukweli.)

Sasa chini ya wigi kulikuwa na soksi. Stokini ya zamani nimeikata mwenyewe nikaifunga fundo juu kabisa, fundo limesimama wima, ndani yake twende kilioni nusu zimefumuka. Bisibisi bado nimeishikilia sikioni sijui nasikiliza nini. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka.

Mzee alisikia makelele akatoka kuokoa. Akasimama. Akaisogeza miwani mpya juu ya pua. Akaangalia vizuriii. Halafu akavua pama lake akajifunika uso, akageukia lori la viazi, akawa anaongea na magunia: "Muulize kama kaumia." Wifi wa kuuliza hayupo, kakaa chini kwenye tairi analia kwa kicheko. Nikasema sijaumia baba. Yakaambiwa magunia: "Mwambie pole." Bodaboda mmoja naye, "Dada, hiyo antena inashika redio gani?"

Basi wifi akanipa kitenge, fundi akalikatakata wigi kwa wembe akalitoa, akawasha. Krrrr krrrr. Mlio uko vilevile! Akapeleka bisibisi kwa mbele, akabonyeza lile bati linalofunika manifodi ya ekzosi, pale moshi unapotokea injini. Kimya. Akaachia, krrrr. Bolti moja imedondoka, bati linatetemeka injini ikiwa taratibu, ukikanyaga mafuta linatulia. Injini nzima milioni na ushee kumbe bolti ya spana namba kumi na washa yake, elfu tatu na ufundi. Tukafika Tukuyu, mzee akashuka, "Mwambie ndaga fijo," yaani asante sana, akaingia ndani bila kugeuka. Mume wangu ameshaiona video, msiniulize kasema nini.

Saa hizi bati limenyamaza ila asubuhi kukiwa na baridi belti inapiga yowe mtaa mzima unaamka, yule fundi kijana anasema imeteleza na nywele na joto, inatakiwa mpya. Nimemwambia aje aifungie hapa nyumbani, funguo atazikuta kwa jirani, mimi nitakuwa ndani.