Namlipa, Halafu Ananikatalia

Jamani, hapa New South Wales, Australia, ninakojenga nyumba, kuna kazi ambayo ningezaliwa upya ningeisomea: mkaguzi binafsi wa majengo. Tangu 1998 si lazima ukaguliwe na halmashauri, unaweza kumkodi mtu wako. Nami nikajua ukishamlipa mtu, ni wako. Thubutu!

Namuuliza kwa adabu, "Bosi, hii ngazi niichore vipi ili ipite?" Eti haruhusiwi kunichorea wala kunishauri, maana atakuwa anakagua mawazo yake mwenyewe, huo ni mgongano wa maslahi. Kwa hiyo mimi nihangaike, yeye aje aseme hapana. Ni sawa na kumlipa mshenga, akifika ukweni aanze kuhoji kama kweli unafaa kuoa.

Mkandarasi naye akaniletea dawa: "Mzee, usisumbuke, nina mkaguzi wangu, tunaelewana." Hilo "tunaelewana" ndilo lililonitoa jasho! Bahati nzuri sheria inasema anayemteua mkaguzi ni mwenye nyumba. Mkandarasi akanuna, hata nyundo yake ikaanza kugonga kwa kisirani.

Ikaja zege. Kabla ya kumwaga, nondo zikaguliwe. Fremu nayo kabla ya kufunikwa, na bafuni ile dawa ya kuzuia maji kabla ya vigae. Na kila mara mkaguzi apewe taarifa saa 48 kabla. Sasa mvua imepewa taarifa na nani? Gari la zege limeshaagizwa, msingi umegeuka bwawa, nami nimo ndani na nguo za ofisini, nachota kwa ndoo. Bwana mkubwa akafika, akachungulia, akaandika, akaondoka. Hata chai alikataa. Labda chai nayo ni maslahi.

Rangi ilipotoka madoa nikampigia kwa kishindo. Akanijibu taratibu kwamba yeye anaangalia kama jengo linafuata kanuni na michoro iliyoidhinishwa, si msimamizi wa mafundi. Msimamizi ni nani basi? "Ni wewe na mkandarasi wako." Mimi! Mimi ambaye pima maji naijua kwa jina tu!

Sasa tunasubiri hati ya kuruhusiwa kuhamia. Maboksi yamefungwa, sufuria zimo humo humo. Simu ya mkaguzi imeandikwa kwenye kibao pale mbele, ndivyo sheria inavyotaka, ila sheria haikusema apokee. Leo kapokea: anarudi tena kwa ajili ya reli ya ngazi, na ukaguzi wa kurudia una ankara yake. Mke wangu anauliza kama tumtengee chumba kabisa.