Acheni kuwatisha vijana, zungumzeni nao

Nimechoka na lile tangazo la kupinga dawa za kulevya: kijana kavaa kofia kinyumenyume, anaongea misimu iliyokwisha kuchuja, halafu sauti nzito inatamka: "Sema hapana!" Nani kawaambia kijana hajui neno hapana? Anachotaka kujua ni alisemeje mbele ya marafiki bila kutengwa, na hapo ndipo tangazo linapokatika.

Marekani ilitumia karibu dola bilioni 1 kwa kampeni ya kupinga dawa za kulevya kati ya 1998 na 2004. Tathmini iliyochapishwa 2008 haikuona kwamba ilipunguza uvutaji wa bangi. Tena kulikuwa na dalili kuwa walioyaona sana matangazo hayo walizidi kuamini kwamba wenzao wengi wanavuta. Bilioni nzima jamani!

Lakini Truth, kampeni ya kupinga sigara iliyoanza hukohuko Marekani 2000, haikumhubiria mtu. Iliwaonyesha vijana jinsi kampuni za sigara zilivyowadanganya wateja, na utafiti wa 2005 ukaihusisha na kupungua kwa uvutaji miongoni mwao. Kumbe njia ipo! Sasa kwa nini bado tunaletewa mafuvu na vitisho, vilivyobuniwa na watu wazima wasiomuuliza kijana hata mmoja?