Teleka wana kwao kuwili

Mwezi Machi ukifika, watu hapa Uingereza huanza kuhesabu ndege. Mbayuwayu wa kwanza huonekana pwani ya kusini, Aprili kekeo anaanza kuita, na mapema Mei wanaingia teleka, wale weusi wenye mabawa kama mundu. Kila anayeonekana huandikwa: tarehe, mahali, idadi. Ayalandi nako ni vivyo hivyo. Naipenda sana desturi hii, ila kuna neno moja linanichoma: eti "wamerudi nyumbani".

Nyumbani ni wapi? Tangu 2011 watafiti wamekuwa wakiwafunga kekeo wa Uingereza vifaa vya satelaiti mgongoni, na msimu wa baridi huwakuta kwenye misitu ya bonde la Kongo. Huku wanafika mwishoni mwa Aprili, na katikati ya Juni wengi wameshaondoka. Wiki nane hivi! Mtoto wao hulelewa na ndege wa jamii nyingine, kisha anavuka Sahara bila mzazi wa kumwonyesha njia. Mbayuwayu waliozaliwa kwenye mazizi ya Ayalandi nao hula Krismasi Afrika Kusini.

Nilimpigia mjomba wangu aliyeko Kisangani kibiashara, nikamweleza habari za teleka. "Hao weusi? Mbona Desemba wamejaa huku, mwanangu. Wingu likitanda tu unawaona." Kwake ni ndege wa Kisangani, na sioni amekosea wapi.

Mwaka jana nyumba inayotazamana na yetu hapa Bristol ilikarabatiwa, mafundi wakaziba nyufa zote chini ya paa, ambamo teleka walikuwa wakitaga. Jioni moja ya Mei wakaja teleka wawili, wakazunguka mtaa wakipiga kelele, kisha mmoja akaenda moja kwa moja kwenye pembe ileile, akaugonga ukuta kwa kifua, akateleza, akageuka hewani. Akarudi tena. Nilihesabu mara kumi na moja kabla giza halijaingia. Huyu ni ndege anayeweza kukaa angani miezi kumi bila kutua, anakula na kulala hukohuko juu, na tundu lake analikumbuka.

Teleka wa Uingereza wamepungua kwa zaidi ya nusu tangu 1995, na mwaka 2021 waliingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini zaidi, huku na Ayalandi pia. Kuwahesabu tu hakutoshi. Kila nyumba mpya ijengwe na tofali lenye tundu la teleka kutagia, iwe sheria. Suala hili lilijadiliwa bungeni London mwaka 2023, na mimi naliunga mkono kwa moyo wote. Unamsubirije mtu wa nyumbani huku umebadilisha kitasa?

Mwaka huu jirani yetu, mama mmoja mtu mzima, ametundika sanduku la mbao chini ya paa lake, na asubuhi anapiga sauti za teleka zilizorekodiwa ili teleka wanaopita angani wasikie. Juzi mmoja alishika ukingo wa tundu kwa makucha, akaning'inia kidogo akichungulia ndani, akaondoka. Mama yule bado anapiga zile sauti kila asubuhi.