Usiitupe Taa Iliyobonyea

Pikipiki ya marehemu baba, BSA M21 ya miaka ya 1950, iligongwa na mkokoteni uani kwetu ikaanguka upande wa kushoto. Kioo cha taa ya mbele kilipasuka, na bakuli lake la chuma likabonyea hata yai lingeweza kulala pale bila kubingirika. Fundi wa kwanza niliyempelekea, Kirinyaga Road, hakuinama hata kulitazama. "Mzee, toa hilo debe. Nikuwekee ya boda, ya LED, dakika ishirini umeondoka."

Nilikataa. Naandika haya kwa sababu wenzangu wengi wenye pikipiki za zamani hapa Nairobi huambiwa maneno hayo hayo, wakakubali, na baada ya mwaka wanazunguka wakitafuta taa waliyoiuza kwa kilo kama chuma chakavu.

Bakuli la taa ya BSA si kifuniko tu. Swichi iko juu yake, amita ya kupimia mkondo wa umeme iko juu yake, na nyaya za mbele hukutania ndani yake. Ukilitoa, itabidi vyote hivyo uvitafutie makao mapya, utoboe na kukata mahali ambapo hapakuwa na tatizo. Tena umeme wake ni wa volti 6, na kwenye BSA nyingi za miaka hiyo upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye fremu, kinyume kabisa na boda. Taa ya LED ya boda ukiiunga hapo kwa mazoea, haiwaki, na inaweza kuungua.

Fundi wa pili alitaka kujaza pati, ile rojo ya kuzibia inayokauka ikawa ngumu, palipobonyea, asugue, apake rangi. Hilo nalo silikubali. Injini ya M21 ni ya silinda moja, karibu cc 600, na mtikisiko wake unaufahamu mpaka kwenye meno. Pati hupasuka, maji huingia nyuma yake, na kutu hula chuma kimyakimya chini ya rangi nzuri.

Nikaenda Kamukunji. Wale wanaotengeneza masanduku ya bati na majiko kutwa nzima wanakijua chuma chembamba kuliko fundi yeyote wa pikipiki. Mzee mmoja alilipokea bakuli, akapitisha kidole gumba kuzunguka bonyeo, akafumba macho kidogo. Kisha akalilaza juu ya mfuko wa mchanga akaanza kugonga kutoka ndani kwa nyundo ya mbao. Hakuanza katikati. Alianza pembeni, akizunguka polepole kuelekea kati, kwa sababu ukipiga katikati mara moja chuma hutanuka na kuacha uvimbe usiorudi. Nilipomuuliza itachukua muda gani, hakuinua uso. "Usinikimbize, kijana wangu. Nikikosea hapa mdomoni, kioo hakitakaa."

Mdomo ndio uliompa kazi. Alipaka chaki pete ya taa, akaivalisha, akaizungusha, akaitoa. Palipoachwa chaki ndipo palipozidi. Akagonga kidogo, akapaka tena. Nilihesabu mara kumi na moja. Nililipa shilingi 1,500, nikaona haya kwa udogo wake, nikaongeza.

Kioo hakikunisumbua sana. Taa hizi ni za inchi 7, kipimo kimoja na cha Land Rover za zamani, na kwa wauza vipuri vya Land Rover hukosi kioo na riflekta yake, ile sahani ya ndani inayorudisha mwanga, pamoja. Kumbuka tu kuweka balbu ya volti 6, maana gari ni la 12. Na usichukue kioo kilichotoka nchi zinazoendesha upande wa kulia. Michoro ya kioo hicho huusukuma mwanga wa chini kulia, yaani machoni mwa anayekuja mbele yako.

Kwa wenye taa za zamani zaidi, ambazo riflekta yake ni ya shaba iliyopakwa fedha: tafadhali msikubali ichovywe kromu. Kwa macho inametameta, lakini kromu hurudisha takriban theluthi mbili tu ya mwanga, ilhali fedha hurudisha zaidi ya asilimia 90. Mpelekeeni sonara aipake fedha upya. Dawa ya kung'arishia shaba msiiguse kabisa, itakwangua hata ile fedha iliyobaki.

Ni kweli wati 30 za balbu yangu ni mwanga mdogo, na usiku Thika Road siendi nayo. Nitaendesha mchana.

Jana jioni niliisukuma mbele ya ukuta nikageuza swichi. Sindano ya amita ikashuka upande wa kutoa umeme, ikapita kidogo ampea 5 za taa ya mbele kwa ajili ya taa ya nyuma, ikatulia. Ukutani pakatokea duara la manjano lisilo na pengo. Imebaki rangi nyeusi kwa nje. Kwa ndani, alama za nyundo za yule mzee nitaziacha zilivyo.