Skani kabla ya upasuaji wa titi: onyo la Marekani na wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini

Mwaka 2012 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kiliwataka madaktari waache kuagiza CT skani, PET skani na skani ya mifupa, yaani picha za kusaka saratani iliyosambaa mwilini, kwa mgonjwa wa saratani ya matiti iliyo katika hatua za mwanzo na asiye na dalili kwamba ugonjwa umesambaa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, uwezekano wa kukuta saratani kwenye ini au mifupa ni mdogo mno, ilhali ni rahisi kukuta kitu kisicho na madhara kikaleta taharuki. Kovu la kifua kikuu cha zamani, ambalo huku kwetu si jambo geni, laweza kuonekana kama doa la kutiliwa shaka, na mama aliyekwisha kupangiwa upasuaji akajikuta anachomwa sindano ya kifua ili kuchukua kinyama cha kupimwa, huku wiki zikikatika.

MRI ya titi, yaani picha inayopigwa kwa nguvu za sumaku, nayo ina watetezi wake, na hoja yao ina uzito pale saratani inapojitokeza kwapani bila kuonekana kwenye titi. Kuifanya desturi kwa kila mgonjwa ni jambo jingine: katika utafiti wa COMICE wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2010 ukihusisha wanawake 1,623, waliorudiwa upasuaji walikuwa asilimia 19, wawe wamepigwa MRI au la.

Hata hivyo, onyo hilo lisichukuliwe zimazima Mbeya au Njombe. Wagonjwa wetu wengi hufika hospitali wakiwa hatua ya tatu au ya nne, ugonjwa ukiwa umekwisha kukua au kusambaa, na hapo skani si anasa, kwa kuwa saratani ikikutwa imefika kwenye ini, matibabu huanza na dawa, na kuondoa titi peke yake hakumponyi mtu. Anayepunjwa ni yule wa uvimbe mdogo: mkulima wa viazi wa Makete akimalizia fedha zake kwenye picha isiyobadilisha uamuzi wowote, atatoa wapi nauli na fedha ya kujikimu akipewa rufaa ya mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 800 kutoka Mbeya?

Lawama zote tusimtwishe daktari, maana ndugu nao hudai “kipimo kikubwa” na wasipokipata huona mgonjwa wao amepuuzwa. Mimi ningeanzia kwenye fomu ya kuombea skani: ikiandikwa “saratani ya titi” tu, bila ukubwa wa uvimbe wala hali ya tezi za kwapani, irudishwe kwa aliyeiandika.